Vidole Vinne Juu ya Goti

Barua ilifika kitaluni Jumanne, saa nne asubuhi, wafanyakazi wa bustani za manispaa wakiwa kwenye chai. Hakuileta tarishi. Aliileta Katibu wa manispaa mwenyewe, amevaa viatu vyeusi visivyostahili matope, na kwa hilo tu kila mtu akajua kwamba si barua ya heri.

Msimamizi wa kitalu alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na minne, wote wakimwita Mama Mkasi. Hakuwa na mtoto. Jina lilitokana na mkasi wa kupogolea uliokaa daima kwenye mfuko wa kulia wa koti lake la kazi, akautumia hata kufungulia bahasha. Katibu alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, nyuma yake kwa miaka kumi. Wazazi wao walifariki wakifuatana, yeye akamlea na kumsomesha, mpaka akawa mtu wa kukaa kwenye kiti cha ofisini chenye magurudumu na kuwekewa mafaili mbele yake. Kazini walisalimiana kama watu wa idara mbili. Jumapili walikula pamoja.

"Dada, soma kwanza," Katibu alisema. "Halafu nitukane."

Alisoma akiwa amesimama. Barua ilikuwa na aya mbili. Ilisema kwamba, kufuatia hali iliyopo kati ya nchi hizi mbili, miti yote ishirini na minne ya urafiki iliyopo Barabara ya Wizara ikatwe kabla ya Jumatatu, na taarifa ya utekelezaji itumwe ikiwa na picha.

"Nani kaandika?"

"Imetoka juu."

"Juu ni mbali. Hakuna mtu?"

"Dada, mjumbe hauawi."

Alikunja barua, akaiweka mfukoni pamoja na mkasi, akarudi kumalizia chai yake.  Mmoja wa wafanyakazi, fundi wa msumeno wa mashine, mtu mnene mwenye maneno mengi, alijaribu kupunguza uzito wa mambo. "Tangu shule ya msingi tumeimbishwa kata mti, panda mti," alisema. "Leo tumeletewa nusu ya kwanza tu." Hakuna aliyecheka sana.

Ugomvi wa nchi hizo mbili ulikuwa na miezi mitano. Ulianza na meli moja iliyokamatwa, ukaendelea na maneno ya redioni, kisha balozi akaitwa kwao, akaondoka na masanduku mengi kuliko ya mtu anayetarajia kurudi. Mama Mkasi aliufuatilia kama alivyofuatilia hali ya hewa. Hakuwahi kufikiri kwamba ungefika kwenye bustani.

Miti ile aliijua tangu siku ya kwanza. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, kibarua mgeni kazini, nchi ile ya mbali ilipoamua kutoa zawadi ya miti yao ya maua. Hawakuleta miche. Walimleta mtunza bustani mmoja, mzee kidogo, mrefu, na sanduku la vijiti vilivyofungwa kwenye kitambaa chenye unyevu. Neno la kwanza alilojifunza lilikuwa "taratibu", akalitumia kwa kila kitu: kusalimu, kuonya, kuomba maji. Wakamwita Bwana Taratibu. Alikaa siku arobaini.

Kupitia mkalimani, na baada ya mkalimani kuchoka, kwa mikono, alimweleza yule kibarua kwamba mti wa kwao hauwezi udongo wa hapa. Mizizi yake ingeoza kwa mvua ya kwanza. Kwa hiyo wangetumia miche ya mti mwitu wa hapa hapa, wa ukoo mmoja na wao, ule wenye miiba na maua meupe madogo ambao watu huupita bila kuuangalia. Walikata mche wa mwitu juu kidogo ya ardhi, kwenye kimo cha ugoko, wakaupasua, wakaingiza kijiti cha ugenini kilichochongwa kama kabari, wakafunga kwa ukanda, wakasubiri. Palipoungana paliota uvimbe. Wafanyakazi waliuita goti. Chini ya goti mti ulikuwa wa hapa, juu ya goti ulikuwa wa kule.

Katika vijiti sitini vilishika ishirini na vinne. Kumi na tisa kati ya hivyo vilifungwa na yule kibarua. Bwana Taratibu alihesabu, akamtazama, akamwinamia kichwa. Hakuna mkubwa yeyote aliyewahi kumwinamia kichwa kabla ya hapo. Kwa miaka kumi na mmoja mzee yule alimtumia kadi kila mwaka, zenye maandishi machache na picha ya mti. Kisha kadi zikakoma, naye akaelewa bila kuambiwa.

Miti ilichanua kila mwaka kwa siku tisa, waridi iliyofifia, kabla ya majani kutoka. Siku hizo maharusi walipanga foleni barabarani kupigwa picha, na madereva wa wizara waliegesha magari mbali ili petali zisigande kwenye rangi. Siku nyingine zote ilikuwa miti ya kivuli tu.

Jumatano alikwenda ofisini kwa mdogo wake, jambo alilolifanya kwa nadra. Alikaa upande wa wageni.

"Naomba kitu kimoja," alisema. "Usilete kampuni ya nje. Wape kazi watu wangu, na mimi niwepo."

"Nilitaka kukuepusha, Dada. Chukua likizo, nenda popote, urudi yamekwisha."

"Maiti ya mtu wangu haiwezi kuoshwa na wapita njia."

Katibu alichezea kifuniko cha kalamu. Alikuwa mtu wa taratibu za ofisi. Hakupenda mafumbo wala machozi, na alishukuru kwamba dada yake hakuwa mtu wa machozi.

"Sawa," alisema. "Ijumaa, saa kumi na mbili asubuhi, kabla barabara haijajaa. Afisa wa wizara atakuja kupiga picha. Ifanyike vizuri."

"Itafanyika vizuri."

Ijumaa walianza mapema zaidi ya hapo. Saa kumi na moja na nusu kulikuwa kumepambazuka tayari, na Mama Mkasi alikuwa amekwisha kutembea barabara nzima na kipande cha chaki. Kwenye kila mti alipiga mstari vidole vinne juu ya goti. Fundi wa msumeno alitazama ule mstari, akamtazama yeye. Alikuwa kitaluni kwa miaka kumi na minne, na goti alilijua.

"Hapa?"

"Hapo. Mkato ulale kidogo, maji yasituame."

"Mti unaouawa una haja gani ya maji kutotuama?"

"Wewe kata. Maswali weka akiba."

Fundi alikata. Mti wa kwanza ulianguka upande wa bustani, taratibu za kazi zikafuatwa, matawi yakachanjwa, magogo yakapakiwa. Mama Mkasi hakuonyesha lolote. Ila kila kisiki kilipobaki, alipiga goti, akafuta vumbi la mbao kwa kiganja, akaulainisha ukingo wa mkato kwa kisu. Hufanyi hivyo kwa kitu kilichokufa. Katibu alifika saa kumi na mbili kamili, akasimama kando na faili kwapani, akatazama mti wa tatu, wa nne, wa tano. 

Walipomaliza wa saba lilifika gari la wizara. Afisa aliyeshuka alikuwa kijana kuliko cheo chake, suti imemkaa, simu mkononi. Alipiga picha mbili, akatazama chini.

"Mbona vimebaki virefu?"

"Ndivyo mti unavyokatwa," Mama Mkasi alijibu.

"Barua ilisema iondolewe."

"Ilisema ikatwe. Ninayo hapa." Akatia mkono mfukoni.

Afisa hakuhitaji kuonyeshwa. "Mama, sitabishana na wewe barabarani. Nataka usawa wa ardhi. Mtu akipita asione kitu. Hii iliyobaki yote, ardhini kabisa. Na hivi saba virudiwe."

Fundi wa msumeno alizima mashine. Mama Mkasi alitazama vile visiki saba, kisha akatazama miguu yake.  Alikuwa amejiandaa kwa kazi ya watu wa manispaa, ambao huridhika mti ukishalala. Hakuwa amejiandaa kwa mtu anayesoma barua vizuri.

"Hivi saba havirudiwi kwa msumeno," sauti ilisema nyuma yake. Ilikuwa ya Katibu. Alikuwa amefungua faili, na alizungumza kwa ule utulivu wa mtu anayesoma kanuni. "Kisiki kifupi hakina shina la kushikilia; ukirudia kukikata, msumeno unaruka, unaweza kumjeruhi fundi. Hivi vitang'olewa kwa mashine ya kung'olea visiki. Iko karakana, inatengenezwa. Naandika maombi leo."

"Lini itakuwa tayari?"

"Nitafuatilia mwenyewe."

Afisa alimpima kwa macho, akaona mtu mwenye tai na faili, mtu wa jamii yake. Akakubali. Kisha akakaa ndani ya gari, mlango wazi, mpaka miti kumi na saba iliyobaki ikakatwa mmoja mmoja, usawa wa ardhi, chini ya goti. Fundi alilazimika kuchimba kidogo kuzunguka kila shina ili msumeno uingie. Magoti kumi na saba yalitupwa kwenye lori pamoja na matawi. Mama Mkasi aliyaona yakipakiwa. Alihesabu mpaka kumi, akaacha.

Jumapili Katibu alikuja kula kwa dada yake kama kawaida. Mkewe alibaki nyumbani na watoto.  Baada ya kunawa, Katibu alitoa taarifa ya utekelezaji, ukurasa mmoja, akaiweka mezani. Ilisema: miti yote ishirini na minne imekatwa.

"Ni kweli?" aliuliza.

"Ni kweli. Yote imekatwa."

"Nikitia sahihi, jina ni langu."

"Najua."

"Dada, mimi ni mtu wa makaratasi. Mti na mti kwangu ni mamoja. Lakini kitu kikijirudia mara saba nakiona. Kila mmoja ulikata juu ya ule uvimbe, mahali pale pale. Halafu ukakisugua kisiki kama mtu anayemfuta mtoto pua." Alisubiri. "Vitaota?"

Angeweza kumwambia hapana. Baadaye alikiri kwamba neno lilikuwa tayari mdomoni, na kwamba lingekuwa jepesi kwa wote wawili. "Vitaota," alisema. "Vile saba vitatoa maua yale yale. Vingine vitatoa mwitu tu."

Katibu alichukua kalamu, akatia sahihi, akaweka tarehe, akaomba maji ya kunywa. Hapakuwa na zaidi ya hayo.

Mashine ya kung'olea visiki ilikuwa kweli karakana, na kweli ilikuwa inatengenezwa. Ilikuwa hivyo kwa mwaka mmoja na nusu kabla ya barua, na ilibaki hivyo. Mvua ziliponyesha, visiki vyote vikachipua: vile kumi na saba kwa fujo, miiba kila upande, vile saba kwa machipukizi machache manene. Mama Mkasi alipita asubuhi kabla ya kazi, akachagua kwenye kila kisiki chipukizi moja lililosimama vizuri, mengine akayaondoa. Watu wa wizara walipita ndani ya magari. Majani hayakuwaambia kitu.

Mwaka wa pili yakatoka maua. Hayakuwa mengi, labda viganja viwili kwa kila mti, lakini yalikuwa ya waridi, na barabara ilikuwa tupu kiasi kwamba yalionekana kutoka mbali. Mpiga picha wa gazeti moja alipita kwa shughuli nyingine. Kesho yake picha ilikuwa ukurasa wa tatu, na chini yake mstari mmoja wa kejeli: miti ya urafiki haijasoma barua.

Mjini watu walicheka. Wizarani hawakucheka. Walitafuta taarifa ya utekelezaji, wakakuta sahihi.

Katibu aliitwa asubuhi, akarudi mchana. Aliulizwa kama alidanganywa na watu wa bustani. Akasema hakudanganywa na mtu. Waliagizwa kukata, wakakata. Barua haikuagiza miti isichipue. Aliulizwa kama anafanya mzaha. Akasema hapana. Baada ya wiki mbili alihamishiwa ofisi ya leseni za biashara ndogondogo, upande wa mwisho wa mji, chumba kimoja chenye dirisha la kupokelea fomu na makarani wawili.

Mama Mkasi alipopata habari, alivua koti la kazi, akavaa gauni la heshima, akaenda kwake.

"Nakwenda wizarani sasa hivi," alisema akiwa mlangoni. "Nitawaambia ni mimi. Nimebakiza mwaka mmoja kustaafu, watanifanya nini?"

"Kaa chini kwanza."

"Sikai. Cheo chako kimekwenda kwa ajili ya visiki!"

"Ukienda utanimaliza," Katibu alisema. "Sasa hivi wananiita mkaidi. Ukienda wewe, wataniita bwege aliyezungushwa na dada yake. Bora mkaidi."

Mke wa Katibu alikuwa jikoni, mlango wazi, akisikia. Alitoka na kitambaa mkononi. "Wifi," alisema, "wewe miti yako imechanua. Hongera. Mwenzio ametoka kwenye kiti alichokitafuta miaka kumi na minane. Sina la kuongeza." Akarudi jikoni.

Hilo ndilo lililomuuma. Kwa miezi mingi baadaye Jumapili zilikuwa na kiti kimoja kilichokaliwa na kingine kitupu: Katibu alikuja peke yake, akala, akaondoka. Dada yake alimwomba radhi mara tatu kwa njia tatu, na mara zote alijibiwa kwamba yamepita. Alijua kwamba upande mmoja hayajapita. Alipogoa ile miti saba kwa wakati wake, lakini hakuitazama tena kwa furaha ya kwanza. Alipomwambia fundi wa msumeno kwamba pengine ingekuwa heri kuikata usawa wa ardhi yote ishirini na minne, fundi alisema, "Pengine. Lakini hukukata," na akaendelea kunoa mnyororo.

Barua ya pili ya kukata haikuja. Walioifuatilia wanasema iliandikwa, ikazunguka ofisi tatu, na hakuna aliyetaka jina lake liwe chini yake, kwa kuwa tayari kulikuwa na minong'ono ya mazungumzo. Meli ilikuwa imeachiwa. Waziri alibadilishwa. Ubalozi ukafungua dirisha moja la viza, halafu mawili. Mama Mkasi akastaafu katikati ya hayo, akapewa cheti na saa ya ukutani, akampa fundi funguo za kitalu.

Mke wa Katibu alikuja kwake siku moja asubuhi, bila taarifa, na mfuko wa nguo za kushonwa kama kisingizio. Alitoa nguo moja, akaikunjua mapajani. "Siku hizi anarudi nyumbani saa kumi," alisema mwishowe. "Anawasaidia watoto hesabu. Wale akina mama wa leseni wanampenda. Anawajazia fomu mwenyewe. Usingizi analala. Zamani alikuwa anasaga meno." Akanyoosha pindo la nguo. "Lakini kile kiti alikipenda, wifi. Usidhani hakukipenda."

"Sidhani."

"Basi. Nilitaka tu ujue vyote viwili."

Jumapili iliyofuata walikuja wote, na watoto.

Urafiki ulitangazwa upya mwaka wa nne. Balozi mpya alifika kwa ndege, na hotuba, na mti mmoja wa maua ndani ya ndoo ya plastiki. Ulipandwa mbele ya Wizara, mwanzo wa barabara, kwa koleo lililopakwa rangi ya fedha. Hakuna aliyetaja visiki. Ile miti saba ilikuwa imefikia kimo cha paa la gari, nayo ilionekana nyuma kwenye picha rasmi, imechanua, bila maelezo. Kumi na saba mingine ilikuwa vichaka vya miiba vyenye maua meupe. Manispaa ilikuwa imevipogoa vikawa uzio, na ndege wadogo walivipenda.

Mama Mkasi alialikwa, kwa kadi yenye jina lake la kwenye cheti lililokosewa herufi moja. Hakwenda; siku hiyo alikuwa na miadi ya kung'olewa jino, na alikuwa ameisubiri wiki tatu. Katibu hakualikwa.

Siku mbili baadaye, jioni jua likiwa bado lina nguvu, walitembea pamoja mpaka kwenye ule mti mpya. Shavu la dada lilikuwa bado limevimba. Mti ulikuwa umepandwa mwezi wa joto, juani, majani yameanza kujikunja. Wapandaji walikuwa wameufunga kwenye kigingi kwa waya, wakakaza mpaka ganda limeanza kuchubuka. Bango la shaba lilikuwa kubwa kuliko mti.

"Wameufunga kama mbuzi wa kuibwa," alisema.

"Si kazi yako tena, Dada."

"Wala si yako. Shika hapa."

Katibu alitazama huku na huku. Mlinzi wa Wizara alikuwa anawaangalia kutoka getini. Baada ya muda akageuka, akaendelea na simu yake. Katibu akaweka mkoba chini, akashika kigingi kwa mikono miwili. Dada yake alilegeza waya, akautoa, akavua mtandio wake mwepesi, akauchana pindo, akafunga upya kwa umbo la namba nane, ulegevu wa kidole kimoja kati ya mti na kigingi. Kisha akapima udongo kwa kucha.

"Maji," alisema.

"Nitatoa wapi maji hapa?"

"Wewe ulikuwa Katibu wa manispaa nzima. Huwezi kupata ndoo ya maji?"

Katibu alicheka, kicheko kifupi cha puani, akavuka barabara kwenda kumwomba mlinzi.